Acha kubishania bodi, vita vya kamera viko kwenye maunti

Ukitaka kuvuruga grupu la WhatsApp la wapiga picha, huhitaji kumtusi mtu. Uliza tu, "Wasee, ninunue Canon ama Sony?" halafu weka simu chini ukasonge ugali. Ukirudi utapata meseji mia mbili, watu wawili wametoka kwenye grupu, na mmoja anauza Nikon yake kwa hasira.

Nimefuatilia mabishano haya kwa muda sasa, na kinachonishangaza ni kwamba karibu kila mtu hubishania bodi. Megapikseli ngapi, picha ngapi kwa sekunde, video ya 4K ama 8K. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kuhusu kitu ambacho kampuni zenyewe hukilinda kama mboni ya jicho: maunti, yaani ile pete ya chuma mbele ya kamera ambapo lenzi huingia na kufungwa. Bodi utaichoka baada ya miaka mitatu, minne, uiuze. Lakini pete ile ndiyo itaamua lenzi zako zitatoka kwa nani na kwa bei gani, na lenzi ndizo humaliza pesa. Msimamo wangu ni huu: kampuni inayofunga maunti yake inamkamua kijana anayeanza, hata kama kamera zake ni tamu vipi. Na kwa sasa, ninayemnyooshea kidole ni Canon.

Najua nimeshaudhi nusu ya wasomaji. Tulieni, nitaeleza.

Kamera ya DSLR, ile nzito aliyokuwa nayo mpiga picha wa harusi ya shangazi yako, ina kioo ndani. Mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo kilichoinamishwa, unapanda juu hadi kwenye kidirisha unachochungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unaingia nyuma na picha inanaswa. Ule mlio wa "chwaka!" unaowafanya watu wajue kamera ni ya maana unatokana kwa sehemu kubwa na kioo kuruka na kurudi. Mfumo huu ni wa enzi za filamu, na kwa enzi hizo ulikuwa wa akili sana, maana filamu haingeweza kukuonyesha kitu kabla haijasafishwa. Kihisi cha kidijitali kinaweza. Kinakuonyesha picha moja kwa moja kwenye skrini, na ikiwa umeweka mwanga mbaya unaona kabla hujabonyeza. Sasa kioo ni cha kazi gani?

Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds ambao Panasonic na Olympus waliuanzisha pamoja. Lenzi za kubadilisha, fokasi ya yenyewe, kioo hakuna. Lakini wakubwa wa soko walikuwa Canon na Nikon, na wakubwa hawakuona haraka. Kwa nini waone? Mwaka huohuo wa 2008 Canon ilitoa 5D Mark II, DSLR iliyorekodi video safi kiasi kwamba mwaka 2010 kipindi cha kufunga msimu wa House, tamthilia kubwa ya televisheni Marekani, kilirekodiwa kwa kamera hiyo. Mwambie mtu anayeuza hivyo atupe kioo chake, uone atakavyokutazama.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikon ilijaribu mwaka 2011 kwa kutoa Nikon 1, lakini ikaipa kihisi kidogo cha inchi moja. Canon ikaja mwaka 2012 na EOS M, ambayo fokasi yake ilikuwa ya kinyonga na lenzi zake za kuhesabu. Ukiniuliza, kamera hizo zilizaliwa na masharti: mdogo asimshinde kaka. Zisiwe nzuri sana hadi mtu aache kununua DSLR. Nikon 1 ilizikwa mwaka 2018. EOS M ilijikokota hadi 2023 ikanyamaziwa, na waliokuwa na lenzi zake wakabaki nazo, kwa sababu haziingii kwenye kamera mpya za Canon. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Wakati huo Sony ilikuwa na kila sababu ya kujaribu kitu tofauti. Iliingia biashara ya kamera kubwa mwaka 2006 kwa kununua kitengo cha kamera cha Konica Minolta, na kwenye DSLR haikuwahi kuwafikia wale wakubwa wawili. Mwenye njaa hana miiko. Mwaka 2010 ikatoa NEX-3 na NEX-5, vikamera vidogo vyenye maunti mpya iliyoitwa E. Mwaka 2013 ikapiga hatua ambayo wengine walikuwa wanaikwepa: A7 na A7R, kamera zisizo na kioo zenye kihisi kikubwa cha fremu kamili, ukubwa uleule wa filamu ya milimita 35.

Zilikuwa na kasoro, tusidanganyane. Betri ilikuwa inakata kama bando ya siku moja. Lenzi zilikuwa chache mno. Lakini Sony ilikuwa na njia ya mkato, na hapa ndipo maunti inaingia kwenye hadithi.

Kioo kinahitaji nafasi ya kurukia. Kwa hiyo kwenye DSLR ya Canon, umbali kutoka maunti hadi kihisi ni milimita 44. Kwa Nikon ni 46.5. Ukitoa kioo, nafasi hiyo haina kazi tena, na Sony iliikata hadi milimita 18. Maana yake nini? Kwamba unaweza kuchukua lenzi ya Canon, uiwekee adapta ya kujaza zile milimita zilizobaki, na ikae sawasawa kwenye Sony. Kinyume chake hakiwezekani kirahisi. Lenzi ya Sony ukiiweka kwenye DSLR ya Canon inakuwa mbali na kihisi kupita kiasi. Mlango unafunguka upande mmoja tu.

Kufikia A7R II mwaka 2015, lenzi za Canon zilikuwa zinafokasi vizuri kwenye Sony kupitia adapta. Fikiria mpiga picha aliyewekeza miaka kumi kwenye lenzi za Canon. Kilichokuwa kinamzuia kuhama ni zile lenzi, na sasa anaambiwa aje nazo. Anauza bodi tu. Kisha polepole, lenzi moja moja, anabadilisha hadi siku moja anajikuta yuko Sony mzimamzima. Juu ya hayo, Sony ilikuwa imetangaza tangu 2011 kwamba ingewapa watengenezaji wengine wa lenzi maelezo ya msingi ya maunti ya E bila malipo. Sigma, Tamron na wengine wakaja.

Halafu ikaja 2017 na A9, picha 20 kwa sekunde bila kidirisha kuzimika hata kidogo, na 2018 ikaja A7 III. Hii ya pili ndiyo iliyouma. Betri kubwa, nafasi mbili za kadi, fokasi inayoshika jicho na kulifuata, video ya 4K, kwa dola 2,000, karibu Sh200,000 kwa kiwango cha wakati huo kabla ya ushuru na faida ya muuzaji.

Ndipo wakubwa wakaamka. Agosti 2018 Nikon ikatangaza Z6 na Z7. Wiki mbili hivi baadaye Canon ikatangaza EOS R. Mwezi huohuo wa Septemba, Panasonic, Leica na Sigma wakatangaza muungano wa maunti ya L. Miaka mitano ya kusubiri, kisha wote wakaja kama matatu za Rongai saa kumi na mbili jioni. Na baada ya kusubiri kote huko, Z6, Z7 na EOS R zote zilikuja na nafasi moja tu ya kadi! Kwa mtu anayepiga picha za mandhari, sawa. Kwa anayeshuti harusi, kadi moja ni kamari. Kadi ikifa na picha za ruracio nzima ndani yake, utawaambia nini wazee? Warudie kuhesabu mbuzi?

Sasa kuna jambo kuhusu hizi kampuni mbili ambalo naona halisemwi vya kutosha. Nikon ilishika maunti yake ya F tangu 1959. Ilikuwa fahari yao: umbo lilelile la pete, baba kwa mwana. Canon kwa upande wake ilikuwa na maunti ya FD, na mwaka 1987 ikaitupa. Ikaleta EF, ambayo mawasiliano yake yote kati ya bodi na lenzi yalikuwa ya umeme, bila fimbo wala skrubu ya kuzungusha chochote. Wenye lenzi za FD walikasirika, na walikuwa na haki. Waliachwa kwenye mataa.

Songa mbele hadi 2018. Kwa sababu EF ilikuwa ya umeme tupu, adapta ya kutoka EF kwenda kwenye maunti mpya ya RF ikawa kazi rahisi. Lenzi ya EF ya zamani unaiweka kwenye kamera mpya ya Canon na inafokasi kana kwamba ilizaliwa nayo. Nikon je? Lenzi zake nyingi za zamani, zile za AF-D, zilitegemea mota iliyo ndani ya bodi kuzungusha skrubu ya lenzi. Adapta ya Nikon, FTZ, haina mota hiyo. Unaiweka lenzi, inaingia, picha inatoka, lakini fokasi unazungusha kwa mkono kama babu. Kampuni iliyojivunia kutomwacha mtu nyuma ikawaacha wengi, na ile iliyowatupa watu 1987 ikaonekana mwema. Mambo ya biashara haya, hayana shukrani.

Wakati wanapigana hivyo, uwanja wenyewe ulikuwa unamezwa na simu. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za kidijitali zipatazo milioni 121 kutoka viwandani. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Soma tena hapo. Ni kweli 2020 ulikuwa mwaka wa korona, lakini kuporomoka kulianza zamani, na walioangamia kwanza ni vile vikamera vidogo vya mfukoni. Mwaka huohuo wa 2020 ndipo kamera zisizo na kioo zilipoipita DSLR kwa mara ya kwanza kwa idadi iliyosafirishwa. Olympus, iliyokuwa imetengeneza kamera tangu 1936, iliuza kitengo chake cha kamera kwa kampuni ya uwekezaji, na kufikia Januari 2021 mambo yakawa yamekwisha. Nikon ikahamisha utengenezaji wa bodi zake kutoka Japani hadi Thailand.

Na cha kuchekesha, kama kinachekesha, ni kwamba Sony hupata pesa kila upande. Ndiyo mtengenezaji mkubwa zaidi wa vihisi vya picha duniani. Fujifilm hununua kwake, Nikon imenunua kwake, na Desemba 2022 bosi wa Apple, Tim Cook, alitembelea kiwanda kule Kumamoto na kusema hadharani kwamba wameshirikiana na Sony kwa zaidi ya miaka kumi katika kamera za iPhone. Kwa hiyo simu inaua kamera, na Sony inauza macho ya simu. Huyo ni kama mwenye duka la jeneza aliye na hisa hospitalini.

Kampuni ikiuza vitu vichache, hufanya nini? Inauza ghali. DSLR za bei ya chini kama Nikon D3500, zilizokuwa kamera ya kwanza ya vijana wengi, zilikatishwa. Canon ilitoa R100 mwaka 2023 kama kamera ya anayeanza, kwa dola 480 bila lenzi, na skrini yake huwezi kuigusa. Mwaka 2023! Hata smartphone ya bei ya chini ya mtaani ina skrini ya kugusa. Ujumbe ambao mimi nausoma hapo ni kwamba maskini avumilie.

Sasa turudi kwa ile pete.

Mwaka 2022 kampuni ya Kichina ya Viltrox iliacha kuuza lenzi zake za fokasi ya yenyewe kwa maunti ya RF, na Canon ilithibitisha kwamba ndiyo iliyotaka ziondolewe, ikidai hakimiliki za teknolojia na muundo wake zimekiukwa. Kisheria sina ubishi, mimi si wakili. Lakini tuweke hesabu mezani, ile ya mtu anayetafuta lenzi moja ya kushuti harusi na mahafali, zoom ya f/2.8 inayoona kwenye hema lenye taa hafifu.

Mtu wa Sony, tangu 2018, angeweza kununua Tamron 28-75mm f/2.8 iliyotoka kwa dola 800. Kwa shilingi ya siku hizi, ukizidisha kwa 130 hivi, ni kama Sh104,000. Mtu wa Canon RF alipewa lenzi ya Canon yenyewe, 24-70mm f/2.8, iliyotoka 2019 kwa dola 2,300. Karibu Sh300,000. Katikati hapakuwa na kitu kipya chenye fokasi ya yenyewe cha kampuni nyingine. Kulikuwa na zoom za bei nafuu za Canon, kama 24-105mm ya f/4 hadi f/7.1, lakini jaribu f/7.1 kwenye karamu ya saa tatu usiku kisha uniletee hizo picha. Sony nayo ina 24-70mm yake ya bei ya mbinguni, tofauti ni kwamba hakuna aliyekulazimisha uinunue.

Huo mwanya wa karibu Sh200,000 ndio ninaouzungumzia. Kwa studio kubwa ya Westlands ni gharama ya kazi. Kwa kijana wa Umoja anayelipwa kwa shughuli, na nusu ya malipo huja "wiki ijayo bro", ni mwaka mzima wa kukodi lenzi za watu. Na kukodi kuna ladha yake. Mimi nimewahi kukodi lenzi kwa siku moja, nikairudisha saa moja baada ya muda kwa sababu ya mvua na jam, nikatozwa siku ya pili. Faida ya kazi yote ikaishia hapo.

Watetezi wa Canon wataniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba kampuni imetumia mabilioni kufanya utafiti na ina haki ya kulinda jasho lake. Ni kweli, na lenzi zake za RF ni za hali ya juu, sibishi. La pili, kwamba lenzi za EF zimejaa sokoni na adapta inafanya kazi, basi kelele za nini? Hilo lina uzito zaidi, na nitalirudia. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Aprili 2024, Sigma na Tamron wakatangaza lenzi za fokasi ya yenyewe kwa RF kwa ruhusa ya Canon, lakini ruhusa hiyo ilikuwa ya lenzi za kamera zenye kihisi kidogo cha APS-C. Septemba mwaka huo Canon ikatoa zoom yake ya 28-70mm f/2.8 kwa dola 1,100, nusu ya bei ya ile kubwa. Kumbe inawezekana! Miaka sita baada ya Tamron kuonyesha njia. Mimi nina hakika kwamba bila presha ya wale wanaohamia Sony na Nikon, lenzi hiyo isingekuja.

Na usidhani naiuza Sony hapa. Sony ina hisa kwenye Tamron, kwa hiyo ukinunua Tamron kuna senti inarudi nyumbani. Tena kwenye kamera zake za kasi kubwa, kama A1, ukiweka lenzi ya kampuni nyingine kasi inawekewa kikomo cha picha 15 kwa sekunde hata kama lenzi yenyewe ingeweza zaidi. Mlango uko wazi, lakini kuna askari wa kaunti pale anahesabu. Bado napendelea huo kuliko uliofungwa.

Nikon ndiyo imenifurahisha. Ilikuwa imepigwa vibaya, wengine wakaanza kuiandikia tanzia. Mwaka 2021 ikatoa Z9, ikiwa imetoa hata shata ya mitambo, kila kitu ni cha kielektroniki, na kuiuza kwa dola 5,500 wakati A1 ya Sony ilikuwa 6,500 na R3 ya Canon 6,000. Kisha ikawa inaiongezea uwezo mkubwa kwa masasisho ya bure, badala ya kungoja iuze bodi mpya. Tamron akaruhusiwa kwenye maunti ya Z kuanzia 2022, Sigma 2023. Machi 2024 ikatangaza kuinunua RED, kampuni ya Marekani ya kamera za sinema. Aliyeanguka ndiye aliyefungua mlango, na sidhani ni bahati. Njaa ileile iliyoifanya Sony ithubutu mwaka 2013 ndiyo iliyoifanya Nikon ikumbuke adabu.

Fujifilm yenyewe ilikataa kucheza mchezo huu. Haikuingia fremu kamili kabisa. Ikabaki na vihisi vya APS-C, ikatengeneza kamera kubwa za GFX kwa matajiri, na kwa wengine ikauza kitu ambacho simu haina: rangi zinazofanana na filamu, na vitufe vya kuzungusha vinavyokufanya ujihisi mpiga picha. X100V ya mwaka 2020 ililipuka TikTok hadi ikawa haipatikani. Haina hata maunti, lenzi imegundishwa. Labda ndiyo njia bora ya kukwepa haya yote, ingawa kwa dola 1,600 alizotoka nazo mrithi wake, X100VI, mwaka 2024, sijui ni kijana gani anayekwepa. Pentax nao wamebaki na kioo chao, na 2021 wakatoa DSLR mpya kama vile hawajasikia habari. Nawaheshimu. Kila mtaa una mzee mmoja anayekataa M-Pesa.

Basi ukiwa na pesa kidogo leo, ufanye nini? Mimi huanza na lenzi ninayoihitaji kwa kazi inayolipa, halafu narudi nyuma kutafuta bodi inayoipokea. Ukifanya hivyo, kamera yenye matangazo mengi huanguka haraka. Kwa harusi na hafla za ndani, Sony ya zamani kama A7 III ya mtumba yenye lenzi ya Tamron ni jibu gumu kulipinga, na Nikon ya Z inakaribia kadiri lenzi za Tamron na Sigma zinavyoongezeka. Ukiwa tayari ndani ya Canon, usihame kwa hasira. Hapa ndipo hoja ya watetezi wake inasimama: wakubwa wanahamia RF na kuuza lenzi zao za EF, na hizo lenzi hazijaacha kupiga picha nzuri kwa sababu eti kuna mpya. 5D Mark III ya 2012 yenye lenzi ya EF bado inalisha watu hapa Nairobi. Ukipata bodi ya RF baadaye, adapta itabeba lenzi zako. Canon imefunga mlango wa mbele, lakini ule wa jikoni iliuacha wazi yenyewe mwaka 1987 bila kujua.

Ila lenzi ya mtumba ikague kwanza, hasa ikiwa imeishi Pwani. Unyevu wa Mombasa na Lamu hupenda kuotesha kuvu katikati ya vioo vya lenzi. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma na uchungulie kutoka mbele. Ukiona nyuzi nyeupe zimetambaa kama utando wa buibui, mrudishie mwenyewe, hata akiapa kwamba hilo ni vumbi tu na linatoka ukipangusa.